Mama nani sasa? (Gumzo la kikundi cha "Wajukuu wa Chumbageni")

IJUMAA, BAADA YA ISHA

Mama Sudi: Assalaam alaykum. Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote. Leo nimechoka jamani. Sudi kampiga Nasra kichwani na lile basi lake la mwendokasi.

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam wifi. Kampiga kweli au kamgusa?

Mama Sudi: Kampiga. Nimekwenda jikoni kuchukua uji tu, nikasikia ukelele. Narudi, basi liko juu ya mto, mwenyewe kasimama pembeni anasema "limepata ajali".

Idi: 😂😂 Samahani mamdogo

Bamkubwa Shabani: Usicheke wewe. Utosi wa mtoto wa wiki tatu bado laini. Hajavimba?

Mama Sudi: Hajavimba shemeji, alhamdulillah. Alilia kidogo, akanyonya, akalala. Aliyelia mpaka akatapika ni Sudi.

Bamkubwa Shabani: Fimbo. Miaka minne anajua anachofanya. Mnamlea kama yai.

Baba Sudi: Nimeshamfokea kaka. Kaingia chini ya meza na blanketi, hataki kutoka.

Shangazi Mwanaidi: Blanketi lake?

Baba Sudi: La Nasra. Analinyonya.

Shangazi Mwanaidi: Ooh jamani. Idi, ile katuni ya Kijapani uliyotuonyesha siku zile, ya mtoto aliyeletewa mdogo wake nyumbani, inaitwaje?

Idi: Mirai, shangazi. Ya Mamoru Hosoda, 2018. Mirai ndilo jina la yule mtoto mchanga, na kwa Kijapani maana yake ni siku zijazo.

Shangazi Mwanaidi: Hiyo hiyo. Wifi, ni Sudi mtupu! Kuna kijana anaitwa Kun, miaka minne, anapenda treni kama Sudi anavyopenda mwendokasi. Mama anarudi na kichanga, mwanzoni anakichungulia, baadaye anakitwanga kichwani na treni. Kichwani hivyo hivyo. Mama akifoka, anamwita zimwi.

Mama Sudi: Mimi kaniita "mbaya". Afadhali ya kwangu.

Bamkubwa Shabani: Na sisi tumefika hapo, mtoto kapigwa, tunazungumza katuni.

Idi: Baba, huyo Hosoda aliianzia kwa mwanawe mwenyewe. Alipopata binti, mtoto wa kwanza akawa hivyo hivyo, kijicho na kulialia. Ikafika mpaka Oscar za 2019. Katuni ndefu ya kwanza ya Japani kuteuliwa pale ambayo si ya studio ya Ghibli.

Bamkubwa Shabani: Na alimpiga au hakumpiga?

Idi: Nani?

Bamkubwa Shabani: Huyo Mjapani. Mwanawe.

Idi: Hilo sijui baba 😂 Alitengeneza filamu.

Shangazi Mwanaidi: Ngoja niandike kwa kirefu, msiniingilie. Wanaishi Yokohama, nyumba nyembamba imepandana ngazi ngazi, katikati uwanja mdogo wenye mti mmoja. Kila Kun akisusa anakimbilia pale uwanjani, na pale ndipo mambo yanapogeuka. Mara ya kwanza anamkuta mwanamume mzima, nywele timutimu, analalamika. Anasema, "Zamani mimi ndiye nilikuwa mwana wa mfalme nyumba hii. Nikipendwa, nikibebwa. Ukaja wewe, nikasahauliwa." Kumbe ni mbwa wao! Yaani mbwa naye alipitia aliyoyapitia Kun, na aliyemnyang'anya kiti ni Kun mwenyewe.

Mama Sudi: 😂😂 Maskini mbwa

Shangazi Mwanaidi: Kun anamnyofoa mkia, anajichomeka yeye, anakuwa mbwa. Anakimbia nyumba nzima.

Bamkubwa Shabani: Ngazi kila mahali na mtoto wa miaka minne? Nani kajenga nyumba hiyo? Hata ukingo hakuna?

Idi: Baba, ramani aliichora msanifu majengo kweli, Makoto Tanijiri. Hosoda alimwita makusudi. Na kwenye hadithi baba yake Kun mwenyewe ni msanifu majengo, anafanyia kazi nyumbani. Mama ndiye anarudi ofisini, baba anabaki na watoto.

Mama Sudi: Rudia hapo kwenye baba, Hamisi asome vizuri.

Baba Sudi: Nimesoma.

Shangazi Mwanaidi: Hajui hata kumbeba mtoto. Akimpakata, mtoto analia. Akiingia kwenye kompyuta, hasikii lolote. Na mbele za watu anasifiwa kwamba anasaidia mkewe, mkewe kanuna.

Mama Sudi: Wifi, hii katuni wamekuja kuirekodi kwangu?

Baba Sudi: Jana nani kafua nepi?

Mama Sudi: Ulifua tatu, ukampigia simu mama Tanga kumwambia.

Bibi (sauti, Mwanahawa anaandika): Kweli kanipigia. Marahaba wanangu wote. Mume wangu Sudi msimpige. Na huyo mke mwenzangu mchanga mpakeni mafuta, anaendelea vizuri. Mwanaidi endelea, nasikiliza.

Shangazi Mwanaidi: Haya mama. Safari ya pili anatokea msichana wa sekondari, kavaa sare, ana baka jekundu kwenye kiganja cha kulia. Kichanga nacho kina baka hilo hilo, mahali hapo hapo. Ni Mirai mwenyewe, ametoka mbele huko. Na mnajua kilichomleta? Wanasesere. Japani tarehe 3 Machi ni sikukuu ya watoto wa kike, wanapanga wanasesere wa mfalme na malkia sebuleni. Ikipita, waondolewe haraka, la sivyo binti huchelewa kuolewa. Baba amesahau kuwaondoa! Binti kafunga safari kutoka siku zijazo kuja kulinda ndoa yake.

Idi: Wananyatia nyuma ya baba, Mirai, Kun na yule mbwa-mtu, wanafungasha mwanasesere mmoja mmoja. Baba anachapa kazi, hana habari.

Baba Sudi: Mwanaidi, kwetu nani alisahau kuondoa wanasesere wako? 😂

Shangazi Mwanaidi: Wewe nyamaza. Mama, hebu waambie Hamisi alinifanya nini nilipozaliwa.

Bibi (sauti): Eeh. Hamisi alikuwa na miaka mitano. Asubuhi muuza samaki kapita na baiskeli, mimi niko ndani nakandwa. Namsikia Hamisi barazani, "Mzee, tuna mtoto hapa, mchukue, utupe pweza." Na mtoto kamtoa! Kamlaza kwenye ungo wa mchele, kamfunika kanga yangu. Muuza samaki mtu mzima yule, kanijia mlangoni na ungo, anaona haya kusema.

Mama Sudi: 😂😂😂😂 PWEZA

Idi: Bamdogo!!

Baba Sudi: Sikumbuki.

Shangazi Mwanaidi: Mimi ndiye nimelazwa kwenye ungo, mimi nakumbuka.

Bamkubwa Shabani: Mama, alichapwa?

Bibi (sauti): Na nani? Mimi sikuweza kuinuka. Baba yenu alikuwa kazini. Jioni alimweka Hamisi kwenye bomba la baiskeli wakaenda Raskazone wawili tu. Wakarudi na pweza.

Bamkubwa Shabani: Akapewa na zawadi.

Shangazi Mwanaidi: Kaka, hata Kun kinachomsaidia si kufokewa, maana anafokewa filamu nzima. Anakutana na watu wake wakiwa kwenye utoto wao au ujana wao. Mama yake anamkuta binti mdogo mchafuzi, wanatupa midoli nyumba nzima pamoja, kisha anamsikia yule binti akikaripiwa na mamake mpaka analia. Halafu babu wa mama yake, enzi hizo kijana wa injini na pikipiki, mguu mmoja uliumia vitani. Kun alikuwa anashindwa baiskeli, baba yake yuko na kichanga kinacholia. Huyo babu anampakia farasi, kisha pikipiki, anamwambia atazame mbali, asitazame chini. Akirudi kwake anapanda baiskeli peke yake. Mimi nililia hapo, sisemi uongo.

Idi: Mimi kilichonigusa ni kipande cha kituo cha Tokyo. Kun anapotea kituoni, anakwenda dirisha la vitu vilivyopotea. Karani anamuuliza jina la mama yako nani? "Mama." La baba? "Baba." Hajui! Na asipoweza kutaja watu wake, kuna treni nyeusi ya kuwachukua watoto wasio na wenyewe.

Mama Sudi: Subhanallah. Hebu ngojeni nimuulize Sudi.

Baba Sudi: Bado yuko chini ya meza.

(dakika kumi kimya)

Mama Sudi: Nimeingia naye chini ya meza. Nimemuuliza baba yako nani? "Hamisi." Vizuri. Mama yako nani? Akanyamaza. Nikarudia. Akasema, "Wewe si Mama Nasra."

Shangazi Mwanaidi: Ati nini?

Mama Sudi: "Wewe si Mama Nasra." Kwa hasira kabisa, kageuza uso. Wifi, kila anayekuja kumwona mtoto akifika mlangoni, "Hodi, Mama Nasra." Mkandaji, jirani, wa maziwa. Sikuwaza hata mara moja.

Baba Sudi: Na mimi asubuhi nilimwita hivyo. Kwa mzaha.

Mama Sudi: Asubuhi. Na basi limepata ajali saa nne.

Bibi (sauti): Hamisi, mimi nimezaa watoto sita. Chumbageni hapa mpaka leo ni Mama Shabani. Mama huitwa kwa kifungua mimba. Wewe mwenyewe unamvua mwanao jina halafu unamfokea? Basi.

Shangazi Mwanaidi: Ndiyo maana kaka Shabani anataka fimbo. Lake halikuguswa hata siku moja.

Bamkubwa Shabani: 🤐

JUMAMOSI, ALASIRI

Idi: Nimekuja kwa bamdogo na laptop. Tumeangalia. Nilikuwa namtafsiria kila kitu, koo limekauka.

Shangazi Mwanaidi: Enhe?

Idi: Kwenye mbwa alicheka mpaka akaanguka. Treni nyeusi akafumba macho akanipanda mabegani. Mwisho hakuuona, alishashuka anatafuta mkia.

Mama Sudi: Kachukua kanga yangu mpya, kaisokota, kachomeka kwenye bukta. Tangu saa saba ni mbwa. Anakula sakafuni.

Bibi (sauti): Mpelekeeni chakula kwenye sahani safi basi.

Mama Sudi: Sasa sikilizeni. Mkandaji kafika, "Hodi, Mama Nasra." Mbwa katoka mbio mpaka mlangoni, mkia unaburuta. "Hapa hakuna Mama Nasra!" Mkandaji kaduwaa. Ikabidi Hamisi atoke amweleze.

Shangazi Mwanaidi: 😂😂😂 Na Nasra je?

Mama Sudi: Kamnusa tu. Hajampiga. Basi nimelificha juu ya kabati, simwamini bado.

Bamkubwa Shabani: Mama Sudi, angalia simu yako. Nimetuma ya kuku wa kienyeji wa supu yako. Paja moja ni la Sudi, mwambie limetoka kwa Bamkubwa.

Mama Sudi: Ahsante sana shemeji. Nimemwambia. Anauliza Nasra atapewa paja gani.

Bamkubwa Shabani: Hana meno.

Mama Sudi: Ndivyo nilivyomjibu. Kafurahi mno.