Ile foto ya "Chemosit juu ya Nyiragongo" ifutwe leo!

Bandugu ba Goma, minakasirika na sitaficha. Kuko mutu alichukua foto ya wekundu ya Nyiragongo, mulima yetu ya moto, usiku, akaandika chini eti ni kinywa ya zimwi Chemosit inawaka, amekuya kukula batoto ba Ndosho, na sasa inazunguka kwa watsapu mpaka grupu ya bazazi, batu bazima banajibu "Mungu atulinde". Atulinde na nini, na bongo yenu?

Kwanza Chemosit haiko ya huku. Iko ya Bakipsigis, kule Kericho na Bomet, Kenya, na bandugu yabo Banandi. Bibi ya kaka yangu ni wa kule, njo anatuelezeaka: nusu mutu nusu ndege, muguu moja, matako tisa (ndiyo tisa, cheka kwanza), anatembelea fimbo kama mukuki, na kinywa chekundu inamulika usiku sawa taa. Anaimba karibu na kwa batu, batoto banaona mwanga banasikia wimbo, banazani ni ngoma, banafuata, banaliwa. Nyinyi mukabandika na dubu pembeni eti njo sura yake. Dubu! Ile ni bazungu ba wakati ya ukoloni balisema baliona munyama sawa dubu kule Nandi, na dubu hata haziishi kule.

Sasa penye kunachoma: hapa Goma ile wekundu si hadithi. Mulima ulitapika 1977, 2002, 2021. Tarehe 22 Mei 2021 mbingu iligeuka nyekundu saa ya magaribi, tukakimbia na batoto mugongoni, kisha nyuma ya siku chache ikatoka amri ya kuhama, bengine Sake, bengine boti ya Bukavu. Mutoto wa Goma anapashwa kujua kama mbingu ikizidi kuwa nyekundu aite bakubwa, tutoke mbio. Wangu mudogo sasa akiona wekundu anaingia chini ya kitanda, anaziba masikio asisikie wimbo! Siku moto ikishuka kweli, na niko kazini, nani atamutoa pale?

Na musiniletee "tulikuwa tunacheka tu mama". Mutoto wa myaka sita anajua kucheka yenu?

Ba admin futeni ile foto. Na kila mwenye aliituma mbele arudi kwa grupu zilezile aseme ni bongo, na aseme leo, mbele ya giza.