Naomba ushauri: mwenye nyumba anataka wapangaji tuchange pesa ya kusoma albadiri

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi nimepanga huku Mbagala, uswahilini kabisa, nyumba ina wapangaji wengi. Juzi imeibiwa mota ya kisima usiku, geti halijavunjwa, kwahiyo kila mtu anamuangalia mwenzie. Sasa mama mwenye nyumba kasema isomwe albadiri (kile kisomo cha Kiislamu) na kila chumba kichange elfu tano, mwizi avimbe tumbo huko huko aliko.

Mimi ni Mlutheri, nachojua ni kwamba wanasomwa majina ya wale mashujaa wa vita vya Badri, 313 hivi, ila mtaani ukitaja albadiri watu wanaelewa laana tu basi. Nimemuuliza ustaadhi wa msikiti wa jirani akasema asili yake ni dua ya kujikinga na kwamba hata mashekhe wenyewe hawakubaliani, wengine wanaikataa kabisa. Mchungaji wangu yeye kanipa Warumi 12:14, barikini msilaani, akamaliza. Nikamshauri mama twende kwanza kwa mjumbe na polisi, akanijibu "mbona unaogopa?" yaani hapo ndo nilipochoka, nikigoma kuchanga naonekana mwizi ni mimi (na chumba changu ndo kipo karibu na kisima, balaa).

Kwa wanaojua: albadiri ni apizo au ni dua tu ya kuomba haki, na kama aliyetajwa hana hatia inamgeukia nani, msomaji au hadi sisi wachangaji? Na nikatae vipi bila kuvunja ujirani?