Naomba ushauri: Grand Theft Auto V kwa kijana wa miaka 15

Ndugu wazazi na walezi wenzangu, nawasalimu kwa heshima.

Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, ananiomba ruhusa ya kucheza Grand Theft Auto V, gemu iliyotoka mwaka 2013, kwenye PlayStation aliyopewa na mjomba wake. Hoja yake kubwa ni kwamba wenzake wote mtaani wanaicheza, hoja ambayo, kusema kweli, hainishawishi hata kidogo.

Kasha la gemu hiyo lina alama ya PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga umri unaofaa kwa kila gemu, inayosema 18, na kule Marekani ESRB, wanaofanya kazi kama hiyo, wameiweka kwa wenye miaka 17 na kuendelea. Nimeketi naye tukaitazama pamoja. Risasi hazikunishtua sana, kwa kuwa hata Fortnite anayoicheza tayari, ambayo PEGI wameipa 12, ina bunduki; kilichonikwaza ni pale mchezaji mwenyewe anapochagua kifaa cha kumtesea mtu aliyefungwa kitini, tena ikiwa ni sehemu ya hadithi yenyewe. Nimejaribu kuweka kikomo cha umri kwenye mashine, lakini kikomo hicho ama kinaifunga gemu nzima ama kinaiachia nzima.

Kwa mliowahi kuamua jambo kama hili, mlipima kwa kigezo gani zaidi ya namba iliyo kwenye kasha? Na je, mzazi akiruhusu ile hadithi ambayo mtu huicheza peke yake, anaweza kumzuia kijana asicheze mtandaoni na watu asiowajua, na anafanyaje?