Tupeane uzoefu: mazungumzo ya namna gani yanainyumbua fikra wakati mambo hayatabiriki?

Mkeka (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Katika vipindi ambavyo hakuna anayejua mwezi ujao utakuwaje, wengi wetu huangukia upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaokaza shingo kwenye walichokiamini mwaka juzi, na wapo wanaohama na kila habari mpya. Kasoro yao ni ileile: fikra haikusogezwa na sababu.

Mwanauchumi Frank Knight alitenganisha mambo mawili tangu 1921: bahati inayopimika, kama ya kurusha dadu, na kutojua kwenyewe, ambako hata uwezekano wenyewe huwezi kuupima. La kwanza unalimaliza kwa kikokotoo. La pili linadai vichwa vya wengine, kwa sababu jambo ambalo hujawahi kuliwaza hutalipata kwa kujihoji peke yako.

Kwa hiyo tuweke hapa mbinu za mazungumzo mapana, yale yanayotoka mada moja hadi nyingine: hatua, muda, idadi ya watu, wapi yanaharibika na kwa nini. Simulizi za maisha zina uzi wake.

Naanza na idadi. Wanne wanatosha. Utafiti wa Robin Dunbar na wenzake unaonyesha mazungumzo ya kawaida ni nadra kuvuka watu wanne. Akiingia wa tano, ama yanagawanyika, ama mmoja anageuka mhadhiri na wengine wasikilizaji. Mkiwa wanane kaeni meza mbili, na kila baada ya dakika 20 hadi 30 watu wabadilishane meza, mmoja abaki awasimulie wageni yaliyokwisha kusemwa.

Dakika 90, mada tatu. Anzeni na ile ambayo hakuna hata mmoja wenu mwenye maslahi nayo. Kwenye mada kama hiyo ni rahisi mtu kusema "sijui", na likishatamkwa mara moja mezani, linatamkika tena mkifika kwenye mada inayouma.

---

Daftari

Ahsante mtoa mada. Mimi nadhani kazi kubwa iko kabla ya kikao. Mtu akija bila msimamo ulioandikwa, akitoka atadhani alikuwa na mawazo hayohayo tangu mwanzo, na hapo hakuna alichojifunza.

Kila mmoja aandike mistari minne kwa kila mada:
1. Dai lenye tarehe ya mwisho. "Kazi hii itafanywa na mashine" halipimiki. "Kufikia mwisho wa mwaka ujao, nusu ya ripoti za ofisi hii zitaandikwa na programu" linapimika.
2. Asilimia. Si "huenda", si "kuna dalili". Mtu mmoja akisema "huenda" anamaanisha 30, mwingine 70, nanyi mtakubaliana kwa saa nzima bila kukubaliana chochote.
3. Sababu mbili, si zaidi. Ukiandika saba, ikianguka moja utajificha nyuma ya sita.
4. Jambo ambalo likitokea, dai langu limekufa.

Mstari wa nne ndio unaowashinda watu. Mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu mwaka 1960 namba 2, 4, 6 na kuwataka wagundue kanuni iliyozizaa kwa kutunga namba tatu nyingine na kuuliza kama zinaifuata. Wengi walijaribu namba zinazolingana tu na dhana yao, kama 8, 10, 12, wakajibiwa "ndiyo", wakatangaza kanuni isiyo sahihi. Kanuni ilikuwa nyepesi: namba zozote zinazopanda. Angejaribu mtu 1, 2, 50 angeona mara moja kwamba tofauti ya mbilimbili haihusiki. Ukikwama kwenye mstari wa nne, mwachie jirani yako akuandikie. Yeye hana huruma na dhana yako, na ndicho unachohitaji.

Kikao kikiisha andika asilimia mpya kando ya ile ya zamani, bila kuifuta ya zamani. Tarehe ikifika, piga hesabu aliyoianzisha mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950. Kwa namna yake rahisi: jambo likitokea liite 1, lisipotokea liite 0, punguza humo kadirio lako (asilimia 80 iandike 0.8), kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ulisema asilimia 80 na likatokea, alama yako ni 0.04. Halikutokea, ni 0.64. Kila siku ukisema 50 utapata 0.25 daima. Alama ndogo ndiyo nzuri. Fanya hivyo kwa asilimia ya kabla na ya baada ya kikao, utajua kama mazungumzo yenu yanakusogeza kuelekea ukweli au yanakusogeza tu. Usihukumu kwa dai moja wala mawili. Subiri yafike ishirini na kuendelea.

Katika mashindano ya utabiri ambayo mwanasaikolojia Philip Tetlock alishiriki na timu yake kuanzia 2011, watabiri bora walikuwa na tabia ya kubadili makadirio mara nyingi na kwa hatua ndogo. Kutoka 60 kwenda 65, kisha 58. Anayeruka kutoka 90 hadi 10 kwa sababu ya habari moja, mara nyingi ile 90 haikuwa na msingi.

---

Pembe Nne

Naunga mkono, ila swali kwa waliotangulia. Kuruka mada hadi mada si ndiko kunakofanya watu watoke wamechangamka lakini mikono mitupu?

---

Mshona Madaraja

Pembe Nne, ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na sababu yake inajulikana. Wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak waliichunguza mwaka 1980. Waliwapa watu fumbo: daktari ana miale inayoua uvimbe, lakini ikiwa na nguvu ya kutosha inaua na nyama yenye afya iliyo njiani. Afanyeje? Jibu ni miale dhaifu kutoka pande nyingi ikutane kwenye uvimbe. Wachache sana, kama mmoja kati ya kumi, hulipata wenyewe. Kabla ya fumbo, wengine walisomewa hadithi ya jemadari aliyegawa jeshi lake likapita njia nyingi ndogo na kukutana kwenye ngome. Ni suluhisho lilelile, na bado wengi hawakulitumia. Walipoambiwa tu kwamba hadithi ile inaweza kuwasaidia, takriban robo tatu wakafumbua.

Maana yake, upana wa mazungumzo peke yake hauhamishi kitu. Mtu anaweza kusikia mada tatu kwa ufasaha na kuzihifadhi kwenye vyumba vitatu visivyo na mlango. Lazima mtu aseme kwa sauti: "tulinganishe".

Ninavyoshauri ni hivi. Kila mnapobadili mada, simameni dakika tano na mjibu maswali haya kwa mada mnayoiacha na mnayoiingia:
– Nini kinachelewa hapa? Kuna muda gani kati ya kitendo na matokeo?
– Nani anaona mapema kuliko wengine?
– Kitu gani kikijaa kinazuia vingine vyote?
– Kosa likitokea linarudishika au halirudishiki?

Swali la kuchelewa lina utajiri kuliko yote. Benki kuu ikipandisha riba, athari kwenye bei huchukua miezi mingi kuonekana. Chanjo huhitaji siku hadi wiki kadhaa kabla kinga haijakomaa. Mti wa matunda uliopandwa leo hauna jibu la haraka. Vitu vitatu vya mbali, muundo mmoja, na kosa moja linalojirudia: mtu haoni matokeo, anaongeza dozi, halafu yote yanafika kwa pamoja. Aliyeuona muundo huu mara tatu kwenye kikao kimoja ataukumbuka siku atakapokuwa na uamuzi wake mwenyewe unaochelewa.

Mnakosea mkichagua mada zinazofanana kwa sura. Siasa ya nchi mbili jirani si upana. Wekeni moja inayohusu viumbe hai, moja inayohusu mitambo au hesabu, moja inayohusu watu. Na mfanano ukipatikana, ulizeni papo hapo unavunjikia wapi. Mfanano usiovunjwa hugeuka imani mpya, ngumu kuliko ile mliyotaka kuilegeza.

---

Mwezeshaji

Naongezea upande wa kuendesha kikao, maana mbinu zote hizo hufa mkononi mwa mwenyekiti mbaya.

Garold Stasser na William Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba kikundi huelekea kuzungumza yale ambayo kila mmoja tayari anayajua, na taarifa aliyonayo mtu mmoja tu huachwa. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza uwe na sharti: kila mtu, dakika mbili, ataje jambo moja analodhani wengine hawalijui. Hakuna kujibu, hakuna kupongeza. Baada ya hapo ndipo mjadala ufunguliwe. Mwenye cheo, umri au elimu kubwa zaidi aseme mwisho. Akisema kwanza, wengine watapanga maneno yao kumzunguka, hata kama ni mtu mpole.

Kuhusu mpinzani. Vikundi vingi humteua mtu "apinge" kwa zamu. Ni bora kuliko ukimya, lakini tafiti za Charlan Nemeth zinaonyesha upinzani wa kuigiza haufikirishi watu kama upinzani wa mtu anayeamini anachosema. Tafuteni mtu ambaye kweli haafiki, mumlinde. Majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950 yalionyesha kwamba mtu mmoja tu akivunja kauli ya pamoja, shinikizo la kufuata mkumbo hupungua sana kwa wengine. Mpinzani anatoa ruhusa hata pale ambapo hoja yake haina nguvu.

Mfano wa hadharani ni wa John F. Kennedy, aliyekuwa rais wa Marekani. Uvamizi wa Cuba wa 1961 ulipitishwa na washauri walionyamazia mashaka yao, ukashindwa vibaya. Katika mgogoro wa makombora ya Kisovieti nchini Cuba wa Oktoba 1962 utaratibu ulibadilishwa: washauri waliulizana bila kujali mipaka ya idara, waligawanywa vikundi, na kuna vikao ambavyo rais mwenyewe hakuhudhuria ili watu waseme.

---

Sikio

Fupi tu. Kabla hujapinga, eleza hoja ya mwenzio mpaka yeye aseme "ndivyo nilivyomaanisha". Mwanahisabati Anatol Rapoport ndiye aliyeisisitiza kanuni hii. Asipokubali, rudia. Ukishindwa mara tatu, swali lako lijalo liwe la kuelewa, si la kupinga.

Pili, acha "kwa nini unaamini hivyo?" Uliza "inafanyaje kazi, hatua kwa hatua?" Swali la kwanza linamfanya mtu ajitetee. La pili linampeleka kwenye mapengo yake mwenyewe bila mtu kumwonyesha. Leonid Rozenblit na Frank Keil mwaka 2002 waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani vitu kama zipu na choo cha kuvuta maji. Baada ya kutakiwa kueleza utendaji wake, wengi walijishusha alama wenyewe. Ukishauliza, kaa kimya sekunde kumi kamili. Ni ndefu, lakini mawazo mapya hutokea humo. Na usilitumie swali hili kama mtego; kama hutajibu la kwako kwa hatua, usimdai mwenzio.

---

Mbeleni

Kwa wanaotaka kuzungumzia mustakabali, si imani pekee, kuna zoezi la Gary Klein linalotumia dakika 30. Mwezeshaji anasema: "Mwaka umepita, mpango wetu umeshindwa kabisa. Andikeni ulivyokufa." Dakika tatu kimya, kila mtu anaandika, kisha sababu mojamoja kwa mzunguko hadi ziishe. Tofauti na kuuliza "kuna hatari gani?" ni kwamba kushindwa kumekwisha kutokea, kwa hiyo anayetaja kasoro haonekani msaliti.

Na mkichora picha za siku zijazo, msichore tatu. Tatu hugeuka nzuri, mbaya na ya wastani, na kila mtu hukimbilia ya wastani. Chukueni mambo mawili msiyoyajua yenye uzito mkubwa, kila moja lipeni miisho miwili, muiunganishe kwa kila namna, mpate picha nne. Timu ya Pierre Wack pale kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa imeshafikiria mgogoro wa mafuta kabla ya mshtuko wa 1973, na kazi yake kubwa haikuwa kubashiri tarehe, bali kuwafanya mameneja wakubali kuiwaza hali hiyo.

---

Nanga

Wakuu, tahadhari moja. Kuna watu wataisoma mada hii na kuanza kubadili kila kitu. Gawa unayoyaamini makundi matatu: thamani, makadirio, na njia. Makadirio yabadilike kila wiki ikibidi. Njia zibadilike makadirio yakisogea sana. Thamani, kama kutodhulumu, hazijadiliwi kwa asilimia.

Baada ya kikao, andika sababu iliyokusogeza. Ukikuta sababu ni jina la mtu, au wingi wa sauti, au uchovu, rudisha asilimia ya zamani na ulale kwanza. Na kuna saa ambazo mazungumzo mapana hayafai: moto umewaka, mgonjwa anavuja damu, msiba ni wa jana. Hapo unafuata utaratibu uliopangwa wakati wa utulivu.

---

Pembe Nne

Nashukuru sana. La mwisho: tarehe ya dai ikifika, tunaanzia wapi?

---

Daftari

Anzeni kwa kusoma sababu mlizoandika, kila mtu zake, kwa sauti, kabla ya kutaja matokeo. Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua lililotokea, huliona kama lilikuwa wazi tangu awali. Kwa kila sababu andikeni "ilihusika" au "haikuhusika", hata kwa dai lililotimia, maana unaweza kupatia kwa sababu isiyo na maana. Kisha ndipo mpige hesabu ya alama. Msizidi madai matano kwa kikao kimoja. La sita watu husoma haraka ili wamalize.