Naomba ushauri: Jurassic Park ya 4K, giza limezidi na maongezi hayasikiki

Habari zenu wakuu. Nimerudia kutazama filamu ya dinosaria Jurassic Park, ile ya kwanza ya Spielberg ya 1993, safari hii kwenye diski ya 4K (picha kali zaidi) yenye HDR, yaani mfumo wa kupanua tofauti ya mwanga na giza kwenye picha. Matukio ya mchana ni safi kuliko nilivyotegemea. Hadi mikunjo ya ngozi ya yule Triceratops mgonjwa inaonekana. Shida ni pale T. rex anapotoka usiku kwenye mvua. Giza linameza karibu kila kitu, na hilo ndilo tukio lenyewe jamani!

Nimezima taa za sebuleni, nimeondoa ule mfumo wa kulainisha mwendo, nimeweka TV kwenye hali ya sinema. Afadhali kidogo tu. Sauti nayo, watu wanaongea kama wananong'ona, halafu ngurumo inatikisa kabati. Diski ina DTS:X, ule mfumo wa sauti ya kuzunguka chumba kwa spika nyingi, ila mimi natumia spika za TV yenyewe.

Naomba kujua: kwa TV ambayo mwanga wake si mkali, nizime HDR kwenye deki au kuna mpangilio wa kurekebisha kwanza? Na nikiiweka deki itoe stereo ya kawaida, maongezi yatapanda, au bila kununua spika za nje najisumbua bure?