MREJESHO: Vigingi vya hoteli kwenye mikoko, Mtwara

Wakuu, niliuliza kama mwekezaji anaweza kujenga hoteli kwenye mikoko ya kijijini kwetu, ilhali tumo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu 2000. Mlinishauri nisianze na kelele, nidai kwanza muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Aliyetoa wazo hilo, Mungu ambariki.

Muhtasari haukuwepo. Mwenyekiti alizunguka weee, mwisho akatoa karatasi ya halmashauri ya kijiji tu, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu uridhie kwanza. Basi ukaitishwa. Wazee walikaa kimya (huku kwetu mzee akinyamaza, ujue kuna jambo), akina mama waokota chaza ndio waliowasha moto. Bibi mmoja alisimama: "Mwenyekiti mwanangu, hapo mlipochimbia kigingi ndipo watoto wa kamba wanapokulia."

Tukashuka na futi kamba maji yakiwa yamejaa. Kigingi cha mwisho, chenye rangi nyekundu, kilikuwa kinalowa! Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka ujenzi wa kudumu ukae mita 60 kutoka ufukweni. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira nacho tumekiomba, hakijaonekana.

Kazi imesimama, haijafutwa. Vijana wanataka kung'oa vigingi; tumewazuia, maana ndio ushahidi wetu. Barua zimekwenda NEMC (baraza la taifa la mazingira) na kwa watu wa hifadhi. Wakikawia kujibu, tubishe hodi wapi?