4+1 Marekani: digrii ya kwanza na masta kwa miaka mitano, nikubali au nimalize kwanza moja?

mtoto_wa_kihonda
Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili chuo kimoja cha jimbo huku Ohio, nasoma takwimu, nipo kwa visa ya mwanafunzi, F-1, kidato cha sita nilimalizia Morogoro. Wiki iliyopita advaiza wangu kaniita kaniambia GPA yangu (wastani wa alama) inaruhusu niingie kwenye programu yao ya 4+1, yaani unaanza kusoma madarasa ya masta ukiwa bado uko digrii ya kwanza, baadhi ya krediti zinahesabiwa pande zote mbili, halafu mwaka wa tano unamaliza masta badala ya kusoma miaka miwili. Maombi yanafanyika mwaka wa tatu.

Nimefurahi sana maana kwetu mimi ndo wa kwanza kufika chuo na masta nilikuwa naiwaza kwa mbali. Kinachonitatiza ni hiki, skolashipu yangu inalipa ada mihula minane tu, hela ya chumba na chakula mzee anajibana anatuma na mimi najazia na kazi ya maktaba hapa chuoni. Mwaka wa tano sioni hela itatoka wapi. Halafu kuna jamaa hapa kaniambia nikiunganisha hivyo napoteza OPT, ile ruhusa ya mwenye F-1 kufanya kazi hapa baada ya kuhitimu, mwingine anasema hapana ndo naipata vizuri zaidi, sasa sijui nimsikilize nani. Na nikirudi Tanzania masta ya mwaka mmoja wanaichukuliaje? Aliyepita njia hii naomba anielekeze, hata kama jibu ni la kunikatisha tamaa.

Mpare_wa_Massachusetts
Mdogo wangu hongera, kuitwa ofisini kwa jambo la heri si kitu kidogo. Mimi nimepitia hiyo hiyo 4+1 kwa hiyo nakujibu kwa kirefu kidogo.

Kabla ya yote nenda kaulize digrii ya kwanza inatolewa lini. Kuna vyuo vinakupa digrii ya kwanza ukishatimiza krediti zake 120, unavaa joho, halafu unaendelea kama mwanafunzi wa masta kamili. Na kuna vyuo vinakushikia zote mbili mpaka mwisho wa mwaka wa tano unazipokea kwa pamoja. Advaiza akikuelezea zinasikika kama kitu kimoja, lakini kwenye hela na kwenye visa zinatofautiana sana, na maswali yako karibu yote majibu yake yanategemea hiyo tarehe.

OPT iko hivi. Kila ngazi ya elimu inakupa miezi 12, na takwimu ipo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) kwa hiyo unaweza kuongezewa 24, jumla 36. Mtu akimaliza digrii ya kwanza akaenda kufanya kazi kwa OPT yake, akarudi baadaye kusoma masta, anapata OPT nyingine ya ngazi ya masta. Ukiunganisha bila kusimama ile ya digrii ya kwanza inakupita, unabaki na ya masta, ambayo haijaguswa. Ndo maana hao jamaa zako wanapingana, kila mmoja kashika kipande. Angalia tu I-20 ya masta, yaani ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa F-1, namba ya kozi iliyoandikwa iwe ya STEM, usitegemee jina la programu peke yake. Na kwenye bahati nasibu ya H-1B, visa ya kazi, kuna nafasi 65,000 za wote, halafu 20,000 za ziada kwa wenye masta ya chuo cha Marekani kilicho cha umma au kisichofanya biashara ya faida. Hilo nalo lina uzito wake.

Sasa hesabu. Digrii ya kwanza 120, masta 30, jumla 150. Wakikuruhusu krediti 12 zihesabike kote kote zinabaki 138. Mihula minane ya krediti 15 ni 120, zinabaki 18, ambazo ni mihula miwili ya tisa tisa, na tisa ndo mzigo wa kawaida wa mwanafunzi wa masta. Mwaka unaookoa unatoka hapo, masomo yenyewe hayajapunguzwa ugumu. Mwaka wa nne utakaa darasa moja na watu waliokuja kwa ajili ya masta tu, uwe umeiva kwenye probabiliti na aljebra kabla hujafika huko. Uliza pia alama, sehemu nyingi ukipata chini ya B lile darasa halihesabiki upande wa masta. Na ukija kuhamia chuo kingine zile 12 usizitegemee, watakwambia zimeshatumika kwenye digrii ya kwanza.

mama_wa_Kakamega
Kijana wangu, mimi hufanya kazi kwa ofisi ya misaada ya fedha ya chuo kimoja huku Minnesota, wacha nikuambie kitu watoto wengi hawaambiwi mapema. Skolashipu ya digrii ya kwanza mara nyingi hufungwa ile siku digrii imeingizwa kwa sistimu, hata kama ulikuwa umebakisha semista. Kwa hivyo ukimaliza krediti zako na semista saba kwa sababu umekimbia sana, ile ya nane haikungoji. Chuo chenu kikiwa ni cha kupeana zote pamoja, uliza kama semista zako nane unaweza kuzitumia zote ukiwa unachukua madarasa ya masta, na uliza ni wakati gani wanaanza kukulipisha bei ya masta, kwa sababu hiyo bei huwa juu na wewe si mkaaji wa Ohio. Ulizia kwa imeili upate jibu limeandikwa. Nimeona mwanafunzi akilia mbele yangu na jibu la mdomo ambalo hakuna mtu anakumbuka kulitoa.

Kitu kingine, idara nyingi hupatia wanafunzi wa masta kazi ya kusaidia kufundisha na kwa kurudisha wanasamehewa karo, lakini wa 4+1 wanaweza kuwa hawaruhusiwi. Hiyo ndiyo ingekuokoa mwaka wa tano, ulizia kabla ya kitu kingine chochote.

Na wenye green card ama uraia wanaosoma hapa, Pell, ile ruzuku ya serikali, ni ya digrii ya kwanza peke yake, digrii ikishatoka basi.

nungwi_kwetu
Mimi naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia, si kwa hesabu zao, hizo ziko sawa. Mdogo wangu hukusema masta unaitakia nini. Kama una wazo la PhD huko mbele basi jua kwamba hapa Marekani programu nyingi za PhD za takwimu zinakuchukua moja kwa moja na digrii ya kwanza, wanakulipia ada na wanakupa posho ya kuishi, na masta unaichukua njiani. Mimi niko PhD sasa hivi na masta sijalipia hata senti. Kumbana mzee mwaka mzima kwa kitu ambacho ungelipwa ukisome, roho yangu inakataa kabisa.

Na kama unataka kazi, kuna makampuni yanamlipia mfanyakazi masomo, sheria ya kodi inaruhusu mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Masta ya usiku ukiwa na mshahara ni polepole lakini haimgusi mtu nyumbani. Ila kwa F-1 hapo uwe mwangalifu, kusoma kwa muda wa ziada ukiwa kwenye OPT lazima uongee na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwanza.

Ningekuwa wewe ningechukua darasa moja au mawili ya masta mwaka wa nne hata bila kujiunga na 4+1, vyuo vingi vinaruhusu ukiwa na GPA nzuri. Yanang'arisha transkripti kuliko watu wanavyodhani.

binti_mvita
Huku Uingereza hiyo ndo MEng (ya uhandisi) na MSci (ya sayansi), masta zinazounganishwa na digrii ya kwanza, miaka minne England na mitano Scotland, lakini unatoka na tuzo moja tu ya masta, si vyeti viwili. Kwa mainjinia ina faida maana MEng inakutimizia upande wa elimu kwenye kuombea Chartered Engineer, hadhi ya mhandisi aliyesajiliwa. Wastani wako ukishuka miaka ya mwanzo wanakuhamishia BEng, digrii ya kwanza ya kawaida. Uliza na nyinyi huko mtu akiteleza mwaka wa nne anabaki na nini mkononi.

mwalimu_chang'ombe
Kuhusu kurudi nyumbani usiwe na wasiwasi. Wanaotambua tuzo za nje ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na kinachotazamwa ni chuo kiwe kimeidhinishwa huko kilipo, na vyeti na transkripti zako ziwepo. Wengi waliosoma Uingereza kwa Chevening, ile skolashipu ya serikali ya huko, wamerudi na masta za mwaka mmoja na wapo maofisini. Wewe hakikisha unapewa vyeti viwili tofauti, na transkripti ionyeshe masta kama masta.

mtoto_wa_kihonda
Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya hivi. Nimeingia kwenye tovuti ya idara, kwetu ni ile ya kutoa digrii ya kwanza baada ya mwaka wa nne. PhD naitamani kweli ila sina uhakika kama nitaweza. Je kama nikiomba 4+1 mwaka ujao halafu mwaka wa nne nikapata PhD yenye ufadhili, naweza kujitoa bila kuharibu kitu?

Mpare_wa_Massachusetts
Kwa mfumo wenu unaweza, ukishapewa digrii ya kwanza unaondoka nayo, na madarasa ya masta uliyosoma yanabaki kwenye transkripti. Muhimu ni hayo madarasa yawe yanahesabika kwenye zile 120, yasiwe ya ziada. Na I-20 ya ngazi inayofuata iwe imeshughulikiwa ndani ya siku 60 baada ya tarehe ya mwisho ya programu, iwe ni masta hapo hapo au kuhamishia rekodi yako chuo cha PhD. Anza na imeili ya mama wa Kakamega, muulize mkuu wa masomo ya masta wa idara kama wa 4+1 wanaruhusiwa kazi ya kusaidia kufundisha. Akisema hawaruhusiwi, mwambie mzee ukweli wa gharama kabla hujasaini.

mtoto_wa_kihonda
Naiandika leo jioni, wakijibu nitaleta hapa hapa na wengine wa Ohio waone.